Kasereka wa Mnara wa Mulimani

Kwanza tukubaliane jambo moja: mnara wa Mulimani ni mbaya. Nimeupiga picha wakati wa jua na wakati wa ukungu, kwa filamu nyeusi-nyeupe na kwa filamu ya rangi, na mwaka juzi mjukuu wangu aliupiga kwa simu yake yenye macho matatu, na kila mara ulitoka mbaya vilevile. Fundi aliyeujenga alikuwa bingwa wa matangi ya maji na vyoo vya shule. Wazee walipomwambia wanataka kitu cha kuwakumbuka watu wao waliouawa vitani, alijenga alichokijua. Mgeni akipita pale na ndoo, lazima atafute bomba.

Nawasimulia haya ninyi vijana mnaokuja kukaa barazani kwangu hapa Butembo na kuniuliza siri ya picha nzuri. Mnategemea nitawaambia habari za roho. Mimi nilikaa nyuma ya kamera zaidi ya miaka thelathini, nikapiga maharusi, maiti, watoto wa komunyo ya kwanza, na wanaume wengi mno waliotaka waonekane wana mali. Ninachokijua vizuri zaidi ni namna ya kuharibu. Njia za kuharibu picha ni nyingi kuliko za kuipata, na karibu zote nimezijaribu mwenyewe.

Chukua ile harusi ya Beni. Filamu ya zamani ilikuwa na ulimi. Ulimi huo unauchomeka kwenye kigurudumu cha upande wa kulia, unazungusha kidogo, unahakikisha meno yameshika, ndipo unafunga mgongo wa kamera. Siku hiyo nilikuwa nimekaribishwa kasikisi, ile pombe ya ndizi, na upande wa bibi harusi, nikafunga bila kuhakikisha. Nikapiga picha thelathini na sita, na filamu ndani imelala usingizi wala haikusogea. Kesho yake maharusi walivaa tena, wakasimama tena mlangoni mwa kanisa. Padre alikataa kuja, akasema sakramenti si mazoezi ya kwaya. Bwana harusi kichwa kilikuwa kinamgonga, na shangazi yake mkubwa alikuwa ameshapanda lori la kurudi Kamango. Katika ile albamu shangazi hayumo mpaka leo, na nasikia bado hajanisamehe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Paluku, mwenye studio karibu na soko. Yeye alifundishwa na mapadre, akabaki na tabia zao za usafi, lakini si za ukweli. Jicho lake moja lilikuwa halioni, na alisema hiyo ni faida katika kazi yetu kwa sababu hana haja ya kulifumba. Alinifundisha mambo matatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa mazuri.

La kwanza ni koti. Studio yetu ilikuwa na koti moja la kijivu, lenye vifungo viwili vyake vya asili na kimoja cha kuazima. Kila mwanaume aliyeingia bila koti alivishwa lile. Likimzidi, tunalibana kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo, na anaambiwa asigeuke. Vijana wengi wa Lubero wa miaka ile wamepigwa picha na koti hilo. Ukizipanga picha zao mezani utadhani ni koti moja linalobadilisha vichwa.

La pili ni miguu. Picha ya kukata mtu kifuani ilikuwa ya kipande cha serikali, yaani kitambulisho, au ya kubandika kwenye msalaba wa kaburi. Mtu mzima mwenye akili zake alitaka picha nzima, kuanzia kofia mpaka viatu, hata kama viatu vyenyewe ni vya jirani. Kuna mama wa Kayna alinirudishia picha yake akaniuliza mguu wake mmoja nimeupeleka wapi, kama nimeula. Tangu hapo nilianza kuangalia miguu kwanza, ndipo mengine.

La tatu lilikuwa hili. Picha ikiungua, yaani mwanga ukiingia kwenye filamu ukaifuta, usimwambie mteja kwamba imeungua. Mwambie "kesho". Mzee Paluku alisema mtu ukimwambia picha yake imeungua ataondoka na hasira na hatarudi, lakini ukimwambia kesho, ataondoka na matumaini. "Na kesho ikifika?" nikamwuliza. "Unasema tena," akanijibu. Nilicheka sana siku hiyo. Niliona nimepata bwana wa kazi mwenye hekima.

Sasa turudi Mulimani. Hilo ni jina tulilowapa sisi wa mjini, na wenyewe hawakukasirika. Ni kijiji cha zamani juu kabisa ya kilima, ukitoka kwenye barabara ya kwenda Kayna unapanda kwa miguu, kwa sababu pikipiki inafika chini inakataa. Mababu walijenga kule juu ili wamwone kila anayekuja. Wakati wa vita, waliokuja walipita nyuma, kwenye mashamba ya viazi, mahali ambapo mababu hawakuangalia. Walikuwa kundi lipi? Kila mtu pale ana jibu lake, na baadhi ya majibu yalikuwa bado yana bunduki, kwa hiyo kwenye mnara hawakuandika.

Waliandika majina tu, majina kumi na tisa. Na hapo ndipo fundi wetu wa vyoo alipojionyesha. Kwetu Wanande jina linafuata foleni ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na hivyo hivyo mpaka mama achoke. Mimi Katembo ni wa tano, maana yake nilipofika chakula kilikuwa kimeshagawanywa. Ndiyo maana kila mtu anahitaji jina la pili, la ubatizo au la ukoo, watu wasichanganyikiwe. Lakini fundi alizoea kuandika herufi za kusomeka kutoka mbali, na jina la kwanza peke yake likajaza mstari. Wazee walipomwambia aongeze majina ya ubatizo, akasema ukuta umekwisha. Basi ukifika pale unasoma KAMBALE, KAMBALE, KASEREKA, PALUKU, KASEREKA, KAVIRA, KAMBALE, kama mwalimu anaita watoto wa mama mmoja. Kasereka peke yake wako wanne. Kila familia ilijua wa kwake ni yupi kwa sababu siku fundi anaandika walisimama nyuma yake wakihesabu.

Mimi nilipanda kule mara ya kwanza kwa amri, wakati studio ya sokoni ilikuwa imeshakuwa yangu. Barabara ya upande ule ilikuwa mikononi mwa komanda mmoja tuliyemwita Miwani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona macho yake. Si yeye aliyewaua wale watu, na si yeye aliyewalinda. Yeye alikuja baadaye na kukuta mnara tayari. Watu walikuwa wameanza kusema amani iko karibu, na Miwani akaona ni vizuri aonekane upande wake. Akatuma askari anichukue na kamera yangu.

Tulifika saa sita mchana, na hapa sikilizeni kwa makini, kwa maana hili ni la kazi. Herufi zilizochorwa kwenye simenti usizipige saa sita. Jua likiwa kichwani, kivuli hakuna, na ukuta unakuwa uso mtupu. Zinatakiwa asubuhi au saa kumi, mwanga unapokuja kwa ubavu na kila herufi inapata kivuli chake. Nilimweleza hivyo komanda. Alitazama saa yake, akatazama jua, akaonekana kama anataka kulitia ndani.

"Papa Foto," akasema, "mie siko nangojea jua. Unipige sasa, monument nyuma yangu. Noki-noki, upesi!"

Nikakumbuka njia nyingine. Niliomba maji nikalowesha ukuta wote ukawa mweusi, kisha nikaomba unga wa muhogo. Akina mama wakaleta kwenye sahani. Nikawa napaka unga ndani ya herufi kwa kidole, jina baada ya jina, na yakatokea meupe, yanasomeka mpaka njia ya chini. Kwa kweli nilijisifu. Wale mama walikuwa wanalia kwa sauti ya chini, maana wengine hawajui kusoma, lakini kidole changu kilipofika kwa mtu wao walijua.

Halafu wakaja kuku. Sikuwa nimefikiria kuku. Walikuja wawili, kisha watano, wakaruka kwenye kizingiti cha mnara, ule ukingo wa simenti chini ya ukuta, na kuanza kudonoa majina ya marehemu. Komanda akatuma askari awafukuze, na askari mwenye bunduki akawa anazunguka mnara nyuma ya jogoo. Kuku mmoja akajiweka kwenye PALUKU, marehemu wa pale kijijini, si mzee wangu wa studio, akala herufi mbili za mwanzo.

"Paluku alikuwaka anapenda kuku sana," mzee mmoja akasema taratibu. "Lakini leo kuku njo inamukula."

Ndipo wale mama wakaanza kucheka. Walijaribu kujizuia, wakafunika midomo kwa vitenge, mabega yakawa yanatikisika, na machozi yaleyale ya kulia yakaendelea kutoka. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho na sikukipiga picha, kwa sababu nilikuwa nacheka pia.

"Banacheka nini?" komanda akauliza.

"Kuku, Komanda," nikamjibu.

Akakunja uso, akapanda kizingiti, akaweka buti lake moja juu na kusimama mbele kabisa ya majina, mikono kiunoni. Yote yaliyo nyuma yake yakapotea. Nikamwambia kwa heshima kubwa kwamba miwani yake inarudisha mwanga na atatoka kipofu, itabidi asogee hatua mbili kushoto. Akasogea. "Tena kidogo, Komanda." Akasogea tena. Picha hiyo bado ninayo: majina kumi na tisa, kuku wawili, na pembeni kabisa mwanaume mmoja wa kijeshi ambaye unaweza kumkata kwa mkasi bila hasara. Kumbukeni hila hiyo. Mkubwa hasogei kwa ajili ya wengine, lakini kwa ajili ya uso wake anaweza kutembea mpaka Luofu.

Nilikuwa nafunga mfuko wangu nishuke wakati mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliponisogelea. Aliitwa Mama Kavira, kwa jina lake mwenyewe la kuzaliwa. Hakuwa miongoni mwa waliocheka.

"Njo weye ule wa foto, wa kule soko?"

"Ni mimi, mama."

"Mutoto yangu alipigaka foto kwako. Kasereka, mwalimu. Uko nakumbuka?"

Akanionyesha ukutani. Wa kwake ni Kasereka wa tatu, chini ya Kambale wa mwisho. Akaniambia nyumba yao iliungua siku ileile, na kila kitu kikaungua humo, hata kipande chake cha serikali. Hana sura yake mahali popote. Kisha akasema, kwa utulivu, kwamba anajua kuna picha moja, kwa sababu mwanawe alimwambia.

"Alisema ulimuambiaka kesho. Foto iko, si vile?"

Vijana, mdomo wangu ulikuwa umefundishwa. Ulijibu kabla sijafikiri.

"Iko, mama. Nitaileta."

"Lini?"

"Siku ya soko," nikasema, kwa sababu neno "kesho" hata mimi niliona aibu kulisema mbele ya ule ukuta.

Nilipofika mjini nilifungua daftari la wateja. Nikakuta: "Kasereka, mwalimu, Mulimani. Nzima, na koti." Sura yake haikunijia. Pembeni mwa jina kulikuwa na vistari vitatu vya kalamu, maana nilikuwa na desturi ya kuweka kistari kila mteja akija kuulizia. Na juu ya ukurasa mzima, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Imeungua yote." Niliikumbuka siku hiyo kwa sababu ya kamera, si kwa sababu ya watu. Kihesabio kilikuwa kimekwama, nikadhani filamu imeshajirudisha, nikafungua mgongo wa kamera mlangoni penye mwanga. Watu kumi na watatu wakafutika. Wote niliwaambia kesho.

Sasa, kila studio ina sanduku la picha zisizochukuliwa. Mtu anapiga, anapata safari, anapata ugomvi na mchumba, anasahau. Langu lilikuwa sanduku la mbao la sabuni. Nikaanza kulichakura bila kujua natafuta nini, na katikati nikakuta bahasha imeandikwa "Kasereka, Mulimani". Bila jina la pili, maana na mimi nilikuwa mvivu sawasawa na yule fundi. Ndani kijana mmoja amesimama, koti la kijivu, miguu yote miwili, uso umeingia kivuli kidogo. Hakuwa mwalimu. Tarehe haikulingana, na daftari lilisema hivyo wazi. Lakini nikajiambia: koti ni lilelile, jina ni lilelile, uso hauonekani vizuri, mama ni mzee na macho yake yamelia sana. Atafurahi. Nani ataumia?

Nawaambia bila kupaka sukari: nilikuwa nakwenda kumpa mama mtoto wa mtu mwingine. Na nilitembea ile njia ya kupanda nikipiga mluzi.

Nilimkuta amekaa nje anachagua maharage. Alipoona bahasha alisimama, akaingia ndani akanawa mikono, akarudi akaifuta kwa kitenge kidole kwa kidole. Akashika picha kwa kingo, kama tunavyofanya sisi wa kazi, na sijui nani alimfundisha. Aliitazama kwa muda. Niliona uso wake unafunguka, halafu nikaona unajifunga.

"Uyu hapana wangu."

"Mama," nikasema, na naomba Mungu anisamehe, "koti linabadilisha mtu."

"Mwana, mie nilizaa mutu. Hapana koti."

Nikakosa pa kutazama. Nikanyoosha mkono kuichukua picha, lakini hakuiachia. Aliendelea kuitazama, na pole pole nikaona anamjua yule kijana.

"Uyu ni Kasereka wa kwa Mama Kahindo," akasema. "Ule wa kwanza pale ku ukuta. Na yeye mama yake hana foto. Twende."

Alinishika kifundo cha mkono, kama unavyomshika mtoto aliyevunja chungu, tukashuka mpaka nyumba ya tatu. Mama Kahindo alikuwa mwembamba, mdogo kuliko mwenzake, anamenya viazi. Mama Kavira alimwekea picha mkononi tu.

Sina maneno ya kile kilio. Mama Kahindo aliibana picha kifuani, akapiga magoti, akaitazama, akaibana tena. Kisha akaita majirani, wakaja mbio wakidhani kuna msiba, wakakuta kinyume chake. Picha ikapita mkono kwa mkono. "Ni yeye! Ni yeye na masikio yake!" Wakanigeukia mimi. Wasingya, wasingya, asante ya Kinande ikanimiminikia kutoka kila upande. Mzee mmoja alinikumbatia akasema hajui kama kuna mtu mwingine mjini mwenye moyo wa kupanda kilima kuwaletea mama watoto wao. Kuku akachinjwa. Nikaketishwa kwenye kiti chenye mgongo.

Nilikula paja. Na kwa kuwa leo nimeamua kusema yote, nilikula na la pili. Lilikuwa tamu, na kila nilipomeza nilijichukia. Mama Kavira alikuwa amekaa mbele yangu, sahani yake haijaguswa, anafurahi pamoja na rafiki yake kwa furaha ya kweli kabisa. Hakunifichua. Alingoja mpaka nimenawa mikono, kisha akasema, "Tutoke kidogo."

Tulikwenda mpaka mnarani tukakaa kwenye kizingiti. Ukungu ulikuwa bado uko chini bondeni.

"Sasa," akasema. "Yangu iko wapi?"

"Iliungua, mama."

"Mu vita?"

Ah, vijana, ndivyo alivyonifungulia mlango. Vita viliunguza kila kitu miaka ile, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Ningeitikia kwa kichwa tu.

"Hapana. Kabla ya vita. Nilifungua kamera kwenye mwanga kwa upumbavu wangu. Niliijua siku ileile kwamba imeungua, nikamwambia kesho."

Alihesabu kwa vidole vyake.

"Donc alishukaka kule chini mara mbili, juu ya ile kesho yako."

"Mara tatu, mama. Daftari linasema mara tatu."

Kutoka Mulimani mpaka studio yangu ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, na kijana yule alikuwa anafundisha. Alikuwa anaitaka picha aipeleke Luofu kwa wazazi wa msichana. Hayo aliniambia mama palepale, bila kupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Ningependa angenipiga kofi, maana lingekuwa limekwisha. Badala yake akanigeukia kwa uso wa mtu ambaye bado anategemea kitu.

"Basi uniambie. Weye ulimuonaka mu aparei yako. Siku ile alikuwa namna gani? Alicheka?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu tayari, zuri, lisiloweza kupingwa: alikuwa nadhifu, mama, alisimama wima, alitabasamu. Mpiga picha yeyote anaweza kusema hivyo kuhusu mtu yeyote. Lingemtosha, na angelala nalo miaka yake yote. Nikalitazama lile jibu langu nikaona ni bahasha nyingine yenye mtoto wa mwingine.

"Mama, simkumbuki," nikasema. "Niliangalia koti. Niliangalia miguu. Uso wake sikuuangalia."

Ndipo alipolia. Hakulia kwa mwanawe, nadhani, siku hiyo alilia kwa ajili yangu, kwa namna mtu anavyomlilia aliyepewa kitu akakikanyaga bila kujua. Alipomaliza alijifuta, akanyoosha kidole kwenye kamera shingoni mwangu.

"Weka ile kintu chini. Sikia."

Akaanza kunieleza mwanawe. Meno ya mbele yana mwanya, na kwa hiyo alikuwa akicheka anafunika mdomo kwa mkono, na kwa kuwa mkono una chaki siku zote, pua ilibaki nyeupe. Bega moja limeshuka kwa kubeba maji tangu utoto. Masikio madogo. Akitembea anaangalia chini kwa kuogopa nyoka, mpaka darasani. Kanisani anaimba vibaya, mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti, naye akakubali bila kununa. Kovu kidevuni, la jembe.

Alipomaliza akasema, "Rudilia."

Nilirudia. Nilisahau masikio, akanirudisha mwanzo. Nikarudia tena, nikamweka kovu upande wa kushoto.

"Hapana kushoto! Kuume. Anza tena."

Mtu mzima mwenye studio, nimekaa chini ya ukuta unaofanana na tangi, narudia somo kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukungu ulipanda ukatukuta, na bado ananisahihisha. Sikupiga picha hata moja siku ile. Nilipopata yote bila kosa, mara mbili mfululizo, aliitikia kwa kichwa, akanyanyuka akitegemea bega langu, akarudi kwa maharage yake.

Baadaye nilipandisha lile sanduku lote, siku moja ya soko, na familia nyingine tano zikapata mtu wao. Wale kumi na watatu wa ile filamu niliwatafuta mmoja mmoja nikawaambia ukweli. Wanne walinitukana vizuri sana, mmoja alinifukuza na mchi. Mzee Paluku aliposikia alisema nimeiharibu kazi, na sikumbishia.

Mama Kavira amefariki, amezikwa kulekule juu. Wanafunzi wa mwanawe ni wazee wa familia sasa, wametawanyika, wengine Beni, wengine ng'ambo ya mpaka, na yule msichana wa Luofu aliolewa kwingine, ni haki yake. Jumapili iliyopita mjukuu wa Mama Kavira alinijia hapa barazani na simu yake, anataka kuchora sura ya baba yake mdogo iwekwe kwenye mnara, na akaniuliza kama ni kweli niliwahi kumwona. Nikamwambia sikumwona. Halafu nikamwambia akae, aweke simu chini, nikaanza na mwanya wa meno. Alirudia vizuri, ila kovu alilipeleka kushoto.

"Kuume," nikamwambia. "Anza tena."